PCB ipi jamani?

Hii tabia ya kuandika PCB bila kusema ni PCB ipi inanikera kweli. Kwa fundi wa simu, PCB ni bodi ya saketi, kile kibao cha kijani chenye njia nyembamba za shaba anachokishika kutwa nzima. Kwa mkemia ni bifenili zilizobebeshwa klorini, kemikali zilizotiwa kwenye mafuta ya transfoma na kapasita (vifaa vya kuhifadhi chaji ya umeme) za zamani kwa kuwa hazishiki moto ovyo. Zinasababisha saratani, haziozi kirahisi, na zikishaingia mwilini hukaa kwenye mafuta yake miaka na miaka. Marekani ilipiga marufuku kuzitengeneza mwaka 1979, na Mkataba wa Stockholm wa 2001, ule wa kimataifa kuhusu kemikali sumu zisizooza kirahisi, ukataka vifaa vyenye kemikali hizo viache kutumika ifikapo 2025.

Sasa mtu anabandika karatasi kwenye ghala la taka za umeme: "Tenga PCB." Zipi? Humo humo kuna bodi na kuna kapasita kuukuu. Kijana anatenga bodi, anaona kazi imeisha, kisha anapasua kapasita kwa nyundo atoe aluminiamu, na mafuta yanamchuruzika mikononi. Na hapo sijagusa wanafunzi wa kidato cha tano Tanzania, ambao PCB yao ni Fizikia, Kemia na Baiolojia.

Semeni ni PCB ipi, angalau mara ya kwanza. "Mafuta yenye PCB." "Bodi za PCB." Neno moja au mawili ya ziada, na yule kijana anajua lini avae glavu.