Kwa nini niliuza kile kiti kirefu cha mtoto

Mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani, nimekulia kwenye nyumba ya ukumbi mrefu, vyumba huku na huku, uani mwembe. Huu ni mwaka wa 7 niko Leicester, Uingereza, kwenye fleti ambayo sebule na jiko ni chumba kimoja. Mwezi huu pekee ndugu zangu wawili wameniuliza swali lilelile: mtoto ameanza kula, tununue kiti gani cha kumlishia? Jibu langu ni kile kidogo kinachofungwa juu ya kiti cha kawaida, ambacho huku tumezoea kukiita busta. Kile kirefu chenye miguu yake minne kiacheni dukani.

Mimi nilianza na kirefu. Muuzaji alituambia mtoto hawezi kula salama bila hicho, na sisi mtoto wa kwanza, hatuna mama wala shangazi wa kumuuliza karibu, tukaamini. Kilipofika nyumbani kikakaa kati ya friji na mlango, na hapo hakukuwa na pengine pa kukiweka. Miguu yake imetanuka chini kuliko juu ili kisipinduke, kwa hiyo kila nikitoka jikoni na sufuria lazima nikumbuke kuruka. Usiku mmoja mume wangu hakukumbuka. Birika la chai likaenda sakafuni, hatua moja tu kutoka alipokaa mtoto. Hakuungua mtu, alhamdulillahi, lakini sikulala vizuri siku ile. Halafu kitambaa chake cha kukalia: bizari ikishaingia kwenye mishono, imeingia. Nilifua mpaka nikachoka.

Hata hivyo nafasi na ufuaji ningevumilia. Kilichoniuma ni kingine. Kile kiti kina sinia lake la plastiki, pana, na sinia hilo halipiti chini ya meza. Basi mtoto anakaa mbali kidogo, anatutazama. Mimi na baba yake mezani na wali wetu, yeye kule na vipande vyake vya karoti. Alikuwa anakula mbele yetu, hakuwa anakula nasi. Akinyoosha mkono kwenye sahani yangu haufiki, analia, na sisi tunadhani ameshiba.

Fikirieni nyumbani sasa. Magharibi imepita, mkeka umetandikwa ukumbini, sinia la wali wa nazi liko katikati, bakuli la mchuzi pembeni, maji ya kunawa yanazunguka kuanzia kwa mkubwa. Mtoto wa miezi 8 yuko wapi? Yuko kwenye paja la bibi yake, mkono mmoja tayari umo siniani. Nimemwangalia mama yangu akifanya kazi hii kwa wajukuu sijui wangapi. Anachukua kipande cha samaki changu, anakifumua kwa dole gumba na cha shahada, anakiminya nyuzi kwa nyuzi mpaka ahakikishe hakuna mwiba. Anakichanganya na punje chache za wali, anatengeneza tonge dogo kama kunde, analishika kidogo lipoe, kisha analiacha pale ukingoni mwa sinia. Hampi mdomoni. Anamwachia aliokote mwenyewe. Na mtoto anaokota kwa sababu kila mtu pale anaokota.

Lakini nisipake rangi. Kwetu kuna na jambo ambalo nalipinga kwa moyo wote, nalo ni kumlisha mtoto uji kwa kiganja. Mnaijua: mtoto analazwa chali mapajani, mikono imebanwa, kiganja kinawekwa mdomoni kama faneli na uji unamiminwa, akitaka kupumua sharti ameze. Mama zetu wadogo na shangazi zetu wamelea hivyo kwa mapenzi, wakitaka mtoto anenepe, sina ubaya nao. Ila uji unaweza kuingia njia ya hewa, na mtoto hajifunzi lini ameshiba. Hapa nawasifu wa huku bila kusita. Muuguzi aliyekuwa akija nyumbani kumpima mwanangu alinionyesha akae wima, miguu ipate pa kukanyaga, chakula kiwe mbele yake, na akigeuza uso basi. Kuhusu miezi hakuna tofauti, Shirika la Afya Duniani na kliniki zetu wanasema mamoja: chakula kianze akitimiza miezi 6, na ziwa liendelee mpaka miaka 2 au zaidi.

Kwa hiyo nilichokuwa natafuta ni akae wima kama muuguzi anavyotaka, na awe karibu na sinia kama mama anavyotaka. Kiti kirefu kinakupa la kwanza tu. Na si sisi Waswahili peke yetu tulioliona hili. Norwei mwaka 1972 Peter Opsvik alibuni kiti cha mbao, Tripp Trapp, kwa nia hiyohiyo ya kumsogeza mtoto mpaka kwenye meza ya wakubwa. Kiti kizuri sana, ila ni ghali na hakisafiri.

Busta yangu niliinunua mkono wa pili kwa pauni 12. Ni plastiki tupu, unaipangusa kwa kitambaa chenye sabuni na imekwisha. Ina mikanda miwili ya kuifunga kwenye kiti, mmoja unapita chini ya kikalio na mwingine nyuma ya egemeo, halafu ina mkanda wake wa kumshika mtoto kiunoni na katikati ya miguu. Kisinia chake kinachomoka. Ukikichomoa, unasogeza kiti mpaka mezani, na yule aliyekuwa anatutazama kwa mbali anakuwa na kiwiko chake kando ya kiwiko changu. Wiki ya kwanza alikula mchicha wa nazi ambao mwezi mzima aliutupa chini. Sikubadilisha mapishi.

Kuna mambo ya kuangalia, na hapa nawaomba msifanye haraka. Mtoto awe anaweza kukaa mwenyewe, shingo imekaza. Kabla ya kila mlo tikisa busta kwa mkono, maana mikanda hulegea. Tazama kibandiko cha uzito, yangu mwisho kilo 15. Mtoto hupenda kusukuma meza kwa nyayo na kiti kikaenda kinyumenyume, kwa hiyo kiti kiwe kizito na wewe uwe pale pale. Na ndugu zangu wa nyumbani, usiifunge kwenye kiti cha plastiki. Viti vile ni vyepesi, miguu inapinda, havifai kazi hii. Wala stuli isiyo na egemeo. Kiti cha mbao cha seremala, kile kinachohitaji mikono miwili kukivuta, ndicho chenyewe.

Mwaka jana tulikwenda Tanga naye. Busta ina kilo 2 na kitu, niliijaza nguo zake katikati ikaingia begini. Dar mpaka Tanga kwa basi, Chalinze, Segera, Muheza, tumefika usiku vumbi mpaka kwenye nyusi. Kesho yake mchana nikaitoa. Mama akaizunguka, akaigusa mikanda.

"Sasa mjukuu wangu afungwe kama gunia kwenye baiskeli?"

"Si kumfunga, mama. Ni asiteleze tu."

"Na mkekani je?"

Sikuwa nimelifikiria. Nikaifungua kutoka kwenye kiti, nikaiweka sakafuni juu ya mkeka, pembeni ya sinia. Ikakaa sawasawa. Mwanangu kimo chake kikawa kilekile cha binamu yake aliyepakatwa na mama, magoti yao yanagusana. Mama akafumua samaki, akaweka matonge mawili ukingoni, moja upande huu, moja upande ule.

Tulikaa wiki 5. Ikawa kila mlo mama ndiye anayeiweka, na anaiweka kushoto kwake, kwa sababu mkono wa kulia ana kazi nao. Mgongo wake siku hizi unamsumbua, kumpakata mtoto wa kilo 11 saa nzima hawezi tena, na hilo hakuniambia mpaka nilipoona jinsi anavyonyanyuka baada ya kula. Siku ya kuondoka nilikuwa nakusanya vitu, busta siioni. Nikaikuta chumbani kwake, imeoshwa, imefunikwa kanga. Dada yako ni mjamzito, mama akasema, na hicho kiti wewe huko utapata kingine.