Birsa Munda alipigania shamba la babu yake

Uhuru wa India ukitajwa, wengi huanza na Gandhi. Mimi huanza na kijana aliyefia gerezani Ranchi tarehe 9 Juni 1900, akiwa na miaka 24 tu: Birsa Munda, wa vilima vya Chotanagpur, mashariki mwa India.

Kwa Wamunda, kabila lake, ardhi ilikuwa mali ya ukoo uliofyeka msitu. Utaratibu huo waliuita khuntkatti, na ushahidi wake ni mawe makubwa ya makaburi pale kijijini. Walipolala wazee, ardhi ina wenyewe. Waingereza wakaja na mahakama zilizotaka karatasi, na wenye karatasi walikuwa mabwanyenye na wakopeshaji kutoka nje, waliojulikana kama diku. Watu wakawa wanalipa kodi, tena wanafanyishwa kazi bila ujira, kwenye mashamba yaliyofyekwa na babu zao.

Ninamheshimu Birsa kwa sababu aliuona mnyororo wote. Nyuma ya diku palikuwa na hakimu, na nyuma ya hakimu palikuwa na serikali ya Malkia. Alikuwa amesoma shule ya wamisionari Chaibasa, akaiacha, akahubiri imani yake mwenyewe hadi watu wakamwita Dharti Aba, Baba wa Ardhi. Mwaka 1895 walimfunga. Alipotoka aliandaa Ulgulan, vurumai kuu, iliyoanza mkesha wa Krismasi 1899 kwa pinde na mishale. Tarehe 9 Januari 1900 askari waliwamiminia risasi wafuasi wake kilimani Dombari, wanawake wakiwemo. Mwezi uliofuata naye akakamatwa. Wakubwa wa gereza walisema aliuawa na kipindupindu.

Wapo wanaosema alishindwa. Sikubali hata kidogo. Mwaka 1908 serikali ileile iliyomfunga ilitunga sheria ya kuzuia ardhi ya wenyeji wa Chotanagpur isiangukie mikononi mwa watu wa nje. Jimbo la Jharkhand, ambamo vimo vilima hivyo, nalo lilizinduliwa tarehe 15 Novemba 2000, siku aliyozaliwa Birsa.

Linaloniuma ni hili: mwaka 2016 serikali ya jimbo hilohilo, inayovisha sanamu za Birsa mashada ya maua, ilitaka kuilegeza sheria ya 1908 ili mashamba yatumike kwa shughuli zisizo za kilimo. Wananchi waliandamana. Mwaka 2017 gavana, Droupadi Murmu, ambaye naye ni mtoto wa jamii za wenyeji, akaurudisha muswada bila kuutia saini.