Haleluya ni amri, tena ya wingi

"Haleluya!" "Amina!" "Sijawasikia, haleluya!" Siku hizi neno hili limekuwa la kupimia spika na kuamsha waliosinzia. Ukiuliza maana yake, wengi watakwambia ni "sifa ya juu kuliko zote". Hapana. Ni agizo.

Kiebrania chake kina vipande viwili. *Hallelu* ni kitenzi cha kusifu katika amri ya wingi, na ile -u ya mwisho hufanya kazi ileile ya -ni yetu: sifu, sifuni. *Yah* ni kifupi cha jina la Mungu ambalo Biblia ya Union huliandika BWANA. Ndilo limo mwishoni mwa Eliya na Isaya. Basi haleluya ni "Msifuni Yah", sentensi kamili, na wanaoambiwa ni watu, si Mungu. Anayelitamka peke yake chumbani, kisarufi, anawaagiza wasiokuwepo!

Tazama Zaburi ya 117, fupi kuliko zote, aya mbili tu. Inaanza "Enyi mataifa yote, msifuni BWANA". Hapo Kiebrania kina *hallelu* ileile, na wafasiri wakaitafsiri. Inafunga kwa "Haleluya", na hapo wakaiacha ilivyo. Wafasiri wa Kiyunani walikuwa wamefanya hivyohivyo kabla ya Kristo, na kwa kuwa alfabeti yao haina herufi ya h, ikaandikwa *allelouia*. Kutoka hapo ikaingia Kilatini, ndiyo maana Wakatoliki wetu huimba "Aleluya", na Kwaresima yote hawaiimbi hadi mkesha wa Pasaka. Zote mbili ni sahihi. Kinachokosewa ni "Haleluja" ya mabango: j ile ni ya Kijerumani, husomwa y. Kwa Kiswahili andika y, na l moja moja.

Katika Agano Jipya neno hili liko Ufunuo 19 tu, mara nne.

Kujibu "Amina" si dhambi, ila ni kama kuambiwa "imbeni" ukaitikia "sawa" na kukaa kimya. Zaburi ya 117 haikuachia hapo. Kati ya "msifuni" na "Haleluya" imeweka sababu: "Maana fadhili zake kwetu sisi ni kuu". Mwenye maiki akishaagiza, ataje basi hiyo "maana", kabla ya kudai sauti ipande.