Dhamira Yako Imelala Kwenye Rasimu

Mwulize mwandishi anayeanza kwa nini anaandika, na huenda atakujibu kwa maneno ya darasa la fasihi: kuelimisha, kuburudisha, kuonya. Kwenye mtihani jibu hilo lina alama zake, maana linaeleza dhima ya fasihi kwa jumla. Kwenye meza ya kazi halimsaidii. Halimwambii leo aandike nini, aache nini, wala kama aya ya tatu ikatwe au ibaki. Na dhamira, yaani kusudi lako mwenyewe la kuandika, isipoweza kukata aya haijawa dhamira bado.

Wengi huitafuta kwa kukaa kimya na kujichungulia moyoni. Nadhani wanatafuta pasipo. Moyo ukiulizwa hutoa matamanio, na matamanio ya waandishi yanafanana mno. Pa kutafuta ni katika yale uliyokwisha kuandika, hasa yale ambayo hakuna aliyekuagiza.

Kusanya maandishi yako 20: makala, hadithi, mashairi, barua ndefu, hata rasimu zilizokatikia njiani. Kama unayo 10 tu, yanatosha kuanzia. Chini ya hapo rudi ukaandike kwanza, kwa sababu hakuna cha kupekua. Yachapishe kwenye karatasi ukiweza, uyasome yote ndani ya siku mbili au tatu, kalamu mkononi, bila kusahihisha hata herufi. Ukianza kusahihisha umeshakuwa mhariri, na mhariri haoni anachotafuta mwandishi. Pembeni andika mambo matatu tu: anayeumia humu ni nani, anayeambiwa ni nani, na swali gani limebaki bila jibu.

Hilo la tatu ndilo lenye mali. Mada hubadilika, swali hurudi. Mtu anaweza kuandika makala kuhusu mirathi, hadithi ya binti aliyehama na shairi la kumlilia mzee, na zote tatu zikawa zinauliza jambo moja: nani ana haki ya kusema “hapa ni kwetu”? Swali likijitokeza mara nne au tano kati ya maandishi 20, lizungushie duara. Hukulichagua wewe, limekuwa likikufuata.

Halafu chunguza rasimu zilizokufa, uone zilifia wapi. Zilizokatika aya ya kwanza au ya pili mara nyingi ni mada za kuazima: uliziandika kwa sababu kila mtu alikuwa akizizungumzia wiki ile. Hizo ziache. Zilizofika theluthi mbili zikakwama ni habari nyingine kabisa. Pale kuna kitu ulikuwa karibu kukisema ukaogopa, na woga huo naupa uzito kuliko hamasa yoyote. Kiswahili kimeziweka dhamira na dhamiri jirani, tofauti ni irabu moja, na rasimu ya namna hii ndipo zinapokutana.

Sasa andika sentensi moja, isiyozidi maneno 25, yenye sehemu tatu: ninamwandikia nani, kuhusu nini, ili aweze nini. Kwa mfano: “Ninamwandikia mtu anayemuuguza mzazi nyumbani, kuhusu hasira anayoona aibu kuitaja, ili aweze kuomba msaada kabla hajaanguka mwenyewe.” Ukikuta neno “jamii” limekaa mahali pa msomaji, lifute. Anayesoma ni mtu mmoja, ana uchovu wake na shida zake, na ndiye unayepaswa kumjua. Mshairi na mtunzi wa riwaya watasema wao hawamfundishi mtu kufanya jambo. Kweli. Kwao sehemu ya tatu ni kuona: ili msomaji amwone mlinzi wa usiku kama mtu mwenye jina na historia.

Sehemu ya kwanza ndiyo ngumu, tena ndiyo inayopitiwa haraka. Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya, alikwisha kujulikana kwa riwaya za Kiingereza, na habari za ardhi na dhuluma zilikuwa ndani yake tangu awali. Mwaka 1977 yeye na Ngũgĩ wa Mirii waliandika tamthilia kwa Kigikuyu, ikachezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩthũ. Wa Thiong'o akawekwa kizuizini katika gereza la Kamiti mwishoni mwa mwaka huo, na humo gerezani akaandika riwaya kwa Kigikuyu juu ya karatasi za chooni. Swali lake halikubadilika sana. Msomaji ndiye aliyebadilika, na alipobadilika alikuja na lugha yake, nyimbo zake na namna yake ya kusikiliza hadithi.

Vipi kama unachotaka hasa ni sifa? Usijifiche. Mwandishi Mwingereza George Orwell, katika insha yake ya 1946 kuhusu kwa nini anaandika, alitaja sababu nne, na ya kwanza ilikuwa ubinafsi: kutaka kuonekana hodari, kuzungumzwa, kukumbukwa. Sifa inaweza kukuamsha alfajiri. Ukishaketi haikuambii uandike nini.

Ijaribu sentensi yako kwa wiki 12, kila wiki kipande kimoja cha maneno 500 hadi 700. Isome kabla ya kuanza. Ukimaliza, pigia mstari mahali ambapo kipande kinafanya kazi iliyotajwa na sentensi. Pakikosekana, kipande kimepotea njia hata kama lugha yake inapendeza. Ukikitoa kisomwe, usihesabu waliokifungua. Hesabu waliouliza swali la ziada, waliompelekea mwenzao, na waliokupinga kwa hoja. “Hongera, umeandika vizuri” ni tamu, lakini haikuelezi kama ulimfikia uliyemkusudia.

Kuchoka katikati ni kawaida, kwa hiyo usiiguse sentensi kabla ya wiki ya sita. Ikifika hapo huna tena la kusema, ama swali ni finyu ama msomaji ni mtu usiyemjua, na mara nyingi ni hilo la pili. Tafuta watatu wa aina hiyo, uwasikilize wakieleza shida yao kwa maneno yao. Nusu saa na kila mmoja itakupa zaidi ya wiki nzima ya kukisia.

Tatizo linalonisikitisha zaidi huja dhamira ikishapatikana: mwandishi huanza kuhubiri. Anaipachika katika kila aya, wahusika wanaongea kama wasemaji wa chama, na msomaji anafunga kitabu kwa sababu ameshaambiwa vya kutosha. Dhamira ikae kwenye uchaguzi wako: nani apewe nafasi ya kusema, tukio lipi lipewe kurasa nyingi, lipi lipite kwa mstari mmoja. Ukihisi inahitaji kutamkwa, jaribu kufuta aya ya mwisho kwanza.

Nayo huchakaa. Dalili ni kwamba unajua kipande kitakavyoisha kabla hujakianza, na wanaokuandikia wanarudia yale yale. Hapo chukua maandishi 20 mapya na kalamu, urudi pembeni mwa kurasa. Swali la zamani huenda limepata jibu wakati ukiandika, na lililofuata umeshaanza kuliuliza katika rasimu mbili tatu ambazo hukuzimaliza.