Mzaha wa Lebo Useme Kilichomo Chupani

Oktoba 1954, meya wa Châteauneuf-du-Pape, kijiji cha mizabibu kusini mwa Ufaransa, alitia saini amri ya kuzuia visahani na sigara za angani, yaani vyombo vinavyodhaniwa kuwa vya wageni kutoka sayari nyingine, kuruka, kutua au kupaa katika eneo la kijiji chake. Chombo kitakachokaidi kikamatwe papo hapo. Miaka 30 baadaye Randall Grahm wa kampuni ya mvinyo ya Bonny Doon, California, akachanganya zabibu za Grenache, Syrah na Mourvèdre, zilezile zinazotawala mvinyo mwekundu wa kijiji hicho, akauita mvinyo wake Le Cigare Volant, yaani sigara irukayo. Zao la kwanza ni la 1984. Lebo imechorwa kama mchoro wa kale wa mashamba ya Ufaransa, kila kitu kimetulia mahali pake, kisha jicho linapanda juu na kukuta chombo chenye umbo la sigara kikimulika mwale mwekundu ardhini.

Lebo hii naiweka mbele ya nyingine zote kwa sababu mzaha wake unafanya kazi. Anayeijua amri ya meya anajua tayari ni zabibu gani zimo ndani na mvinyo unamwigiza nani. Asiyeijua atauliza, na jibu litamfundisha kitu cha kweli kuhusu alichonunua. Tena kampuni hiyohiyo ilianza kuandika viambato vyote kwenye lebo zake miaka mingi kabla Umoja wa Ulaya haujalazimisha jambo hilo kwa mvinyo unaotengenezwa kuanzia tarehe 8 Desemba 2023. Wanaodhani lebo ya utani ni ya mtu mwenye kuficha waitazame chupa hiyo mbele na nyuma.

Shamba la mvinyo la Fairview huko Paarl, Afrika Kusini, nao walifuata njia hiyo. Shambani kwao kuna mbuzi wa maziwa na jibini, na kuna mnara wa mbuzi wenye ngazi ya kuzunguka nje. Mwenye shamba, Charles Back, alipotoa mchanganyiko wa zabibu za aina ya Rhône, bonde la mizabibu la Ufaransa, aliuita Goats do Roam, mbuzi wanazurura. Ukilitamka haraka unasikia Côtes du Rhône, jina la mvinyo wa bonde hilo. Wafaransa wanaolinda majina ya maeneo walilalamika, na mwaka 2004 Back akapeleka mbuzi wenyewe kuandamana mbele ya ubalozi mdogo wa Ufaransa mjini Cape Town. Mbuzi ni wa kweli, zabibu ni za kweli, na jina linakupeleka kwenye ladha inayofaa.

New Zealand kuna jina la ujasiri zaidi: Coopers Creek waliuza mvinyo wa zabibu nyeupe ya Sauvignon Blanc uitwao Cat's Pee on a Gooseberry Bush, mkojo wa paka juu ya kichaka cha matunda. Wengi hucheka wakidhani ni matusi, kumbe ni maelezo sahihi ya kemia. Zabibu hiyo huzaa kampaundi zenye salfa ambazo pua huzinasa zikiwa nanogramu chache tu kwa lita, na mojawapo hunuka hivyohivyo. Zikiwa kidogo mvinyo unachangamka, zikizidi unachosha.

Ninachokataa ni mnyama asiye na sababu. Yellow Tail wa Australia walipoingia Marekani mwaka 2001 na picha yao ya walabi, jamii ya kangaruu, angalau mnyama alitaja nchi. Baada yao rafu zilijaa pengwini, vyura na mamba ambao hawakusema chochote kuhusu shamba, zabibu wala utamu. Mnunuzi anacheka mara moja, anaonja, na hana sababu ya kurudi. Kibaya zaidi ni pombe kali ya asilimia 40 kuvishwa katuni na rangi za peremende. Huo si mzaha, ni mtego kwa watoto, na hauna utetezi.

Kwetu, Dodoma mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ulaya halijui shambani kwake. Mbuni wa lebo akilianzia hapo hahitaji kukopa pengwini wa mtu.

Akishapata wazo, apime nafasi kabla ya kuchora. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo inataka maonyo ya afya yachukue angalau asilimia 30 ya eneo la nje la kifungashio, kwa Kiingereza au Kiswahili. Ulaya, kwa chupa ya mililita 750, tarakimu za kiwango cha kilevi zisipungue urefu wa milimita 3 na za ujazo milimita 4. Marekani onyo la serikali linataka herufi za milimita 2, na lebo lazima iidhinishwe kabla ya kuuzwa. Hata ikipita huko, jimbo linaweza kukataa: mwaka 2009 Alabama iliupiga marufuku mvinyo wa Cycles Gladiator kwa sababu ya mwanamke aliye uchi kando ya baiskeli, picha ya bango la Ufaransa la mwaka 1895. Watengenezaji wa mvinyo wa Ufaransa, Château Mouton Rothschild, walipokumbana na malalamiko Marekani kuhusu mchoro wa msanii Balthus kwenye lebo ya zao la 1993, walipeleka huko chupa zenye nafasi tupu mahali pa mchoro.

Halafu kuna chupa yenyewe. Ile yenye mabega, iitwayo ya Bordeaux, ina kipenyo cha takriban milimita 75, hivyo nusu inayomtazama mnunuzi ni kama milimita 118, na kingo zake zinapinda kwenda ubavuni. Kiini cha utani kikae ndani ya milimita 80 za katikati, la sivyo mtu anaona pembe bila mbuzi. Chupa inayopungua unene kuelekea chini haikubali lebo ya mstatili: itafanya makunyanzi upande mmoja, kwa hiyo ikatwe kwa upinde unaofuata umbo la chupa. Mikato ya mapambo nayo ina mipaka. Mkia mwembamba wa milimita 2 hivi huchanika mashine inapoubandua, au hunyanyuka baadaye kwa kuwa gundi iliyo chini yake ni kidogo mno.

Adui mkubwa ni maji. Mvinyo mweupe ukijazwa ungali baridi, chupa hutoa jasho, gundi inashika unyevu badala ya kioo, na kesho yake lebo inateleza au ina mapovu. Chupa iachwe ipate joto la chumba na ikauke kwanza. Karatasi ya kawaida ikizama kwenye ndoo ya barafu hugeuka kijivu na mchoro wote hufifia, hivyo iagizwe karatasi ya kuhimili maji yenye tabaka la kinga upande wa gundi. Kabla ya kuchapisha mzigo mzima, chukua chupa tatu zilizobandikwa, zilaze usiku mmoja kwenye friji, uzizamishe saa mbili katika maji ya barafu, kisha sugua kingo kwa kidole gumba. Zile ambazo lebo yake ina rangi ya dhahabu iliyobonyezwa kwenye karatasi zitikise pia ndani ya katoni yake, maana hapo ndipo wino usio na vanishi huchubuka, na kwa kawaida huanzia usoni mwa mnyama.