Kidege gramu 10, mzigo kilo 5

Nani aliwadanganya watu kwamba kupiga picha videge vya porini ni burudani ya kutuliza akili? Aje hapa tuongee. Mtu anaona picha moja, kidege kimesimama kwenye tawi lenye maua, kifua mbele, jicho linang'aa, basi anasema, "Lo, una bahati wewe!" Bahati! Haulizi habari za shingo yangu.

Hebu tupige hesabu, maana nimechoka kuitwa mlalamishi asiye na hoja. Chukua kidege chenye urefu wa sentimita 10. Kaa nacho umbali wa mita 10, na hapo ujue kimekuonea huruma. Funga lenzi ya milimita 500, ile inayowafanya wapita njia waulize kama umekuja kupima barabara. Unajua kidege kitachukua nafasi gani kwenye kihisi cha kamera, kile kibamba cha ndani kinachopokea picha? Milimita 5. Kihisi chenyewe, hicho kikubwa wanachojivunia wenye nazo, kina upana wa milimita 36. Hizo 31 zilizobaki ni majani. Mimi ni mpiga picha za majani, semeni tu ukweli, na humo ndani kuna nukta yenye mdomo.

"Sogea karibu," wanasema wataalamu. Ahsanteni sana. Kidege cha porini hakitulii, muda wote kiko kama mdaiwa aliyesikia hodi. Ukiinua mguu, kimeshahama mti. Halafu siku kinapoamua chenyewe kuja, kinatua kichakani mita moja na nusu kutoka puani mwangu, kinaimba, kinanyoosha bawa, na lenzi inagoma! Lenzi za ukubwa huu nyingi hazilengi kitu kilicho chini ya mita 2 au 3, na nyingine zinadai zaidi ya 4. Yaani nimebeba dude zima la kuvuta vya mbali, na cha karibu kinanitazama usoni. Inabidi nirudi kinyumenyume, polepole, huku kisigino kinatafuta mtaro. Nao mtaro, mashambani, haukosekani.

Eti majira ya machipuko, baridi ya kaskazini inapoisha, ndiyo msimu wa kazi hii. Sikatai. Madume yamevaa rangi za kuoa, yanaimba kuita majike na kufukuza wapinzani, hata yule mwoga wa mwaka mzima anapanda kileleni hadharani. Lakini na mti nao unachipua! Mwanzoni mwa msimu matawi ni matupu, unaona hadi kilima cha pili, ila ndege wenyewe wengi bado wako safarini. Wakifika, na majani yamefika. Nani alipanga ratiba hii? Najua mtaniambia majani huleta viwavi, viwavi ndio chakula cha makinda, ndege akichelewa wanawe wanalala njaa. Sawa, ana sababu zake. Na mimi je?

Kuhusu alfajiri nisiseme mengi. Wanaimba kwa nguvu zote saa ambayo hakuna mwanga. Ili kidege kisitoke ukungu unataka kasi ya 1/2000 ya sekunde, na ili upate kasi hiyo gizani unapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka picha nzima inakuwa chenga. Jua likipanda na kuwa zuri, wameshanyamaza, wamejichimbia vichakani.

Kamera mpya zinajisifu kwamba zinatambua jicho la ndege zenyewe. Labda. Yangu inatambua kijiti. Weka ndege kumi na kijiti kimoja mbele yao, itachagua kijiti. Nina picha za vijiti kali mno, unaona hadi mikunjo ya gome, na nyuma yake kuna doa la manjano lililokuwa kidege. Na hata kijiti kikiondoka, fokasi ikakubali, mwanga ukakubali, bado kuna fitina ya mwisho: ndege ana kope la tatu, utando unaopita juu ya jicho upande kwa upande. Kwa macho yetu hauonekani, ni upesi mno. Kamera inauona. Ndiyo ile picha safi kabisa, kila unyoya mahali pake, na jicho jeupe kama la mzuka.

Ndiyo maana siwacheki wale ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, walioanza kupiga picha za ndege na viota mwanzoni mwa miaka ya 1890. Baadaye walitandika ngozi ya ng'ombe kwenye fremu, mtu anaingia tumboni na kamera yake, anachungulia, ndege wanadhani ni mifugo tu. Watu wanasimulia wakicheka. Mimi sicheki, mimi nimeanza kuwatazama ng'ombe kwa jicho jingine.

Lakini linaloniudhi kuliko yote linatokea nikishapata picha. Kuna kidege kinaitwa kitaalamu Phylloscopus trochilus, gramu kama 10 hivi, rangi ya majani yaliyokosa maji. Kila mwaka kinatoka Afrika kusini mwa Sahara, kinavuka jangwa, kinakwenda kuzaa kaskazini mwa Ulaya na Asia. Gramu 10! Mimi na begi langu la kilo 5 tunavuka shamba moja tunatafuta pa kukaa. Basi nimekipata, kimetulia, hakuna kijiti, jicho liko wazi. Nataka niandike jina chini ya picha. Kumbe kina pacha, Phylloscopus collybita, wanafanana mno. Kasisi Gilbert White, mchunguzi wa viumbe wa kijiji cha Selborne, Uingereza, alishawatenganisha mwaka 1768, na alifanyaje? Alisikiliza nyimbo zao!

Mimi nimeleta picha. Picha haiimbi.

Nikaambiwa nisikate tamaa, kuna njia nyingine: tazama miguu, collybita kwa kawaida ana miguu myeusi, mwenzake ana ya hudhurungi hafifu. Vizuri. Nikavuta picha, nikavuta tena, nikashuka taratibu kutoka kifuani kwenda chini.

Jani.