Rubani wa Gongo la Mboto

Mahafali ya chekechea siku hizi ni harusi iliyokosa bwana harusi tu. Mwezi uliopita kitindamimba wangu alirudi na karatasi ya shule, imekunjwa mara nne na ina mafuta ya maandazi. Joho 15,000. Picha 10,000. Mchango wa keki na muziki 20,000. Chini kabisa, kwa herufi kubwa: KILA MTOTO AJE NA VAZI LA KAZI ANAYOITAMANI.

Nikamwita. "Baba, wewe ukikua unataka kuwa nani?"

Hakufikiri hata kidogo. "Baba mwenye nyumba."

Mama yake akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikajaribu kumrudisha kwenye mstari, nikamtajia udaktari, uinjinia, urubani. Akanisikiliza kwa heshima zote, kisha akaniuliza:

"Daktari akija hapa, wewe unajificha?"

Nikasema hapana.

"Rubani akija?"

Hapana.

"Baba mwenye nyumba akija?"

Nikamwambia akanawe miguu akalale.

Lakini nikubali jambo moja, vazi halikutugharimu hata senti. Wazazi wenzetu walihangaika Kariakoo kutafuta koti jeupe la kimo cha mtoto wa miaka sita. Sisi tulimfunga msuli, tukamvalisha singlendi, tukampa kandambili mbili za rangi tofauti na kaunta buku la kubana kwapani. Jirani yeyote wa uani kwetu hakuhitaji kuambiwa huyo ni nani.

Siku yenyewe wakapanda marubani kumi na mmoja. Madaktari sikuwahesabu. Mwanajeshi alikuwa mmoja, naye alilia akitaka mama yake. Zamu ya wangu ikafika, mwalimu akampa maiki: "Wewe ni nani?" Mtoto akafungua kaunta buku, akalamba kidole, akafunua ukurasa. "Kodi ya miezi sita! Na pesa ya maji kila mtu achangie!"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alisimama kabisa kupiga makofi, na usoni tu ulimjua kuwa ni mpangaji mwenzangu katika dunia hii. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Video ilifika uani kabla yetu. Asubuhi baba mwenye nyumba mwenyewe akabisha hodi, msuli, singlendi, kaunta buku. Alicheka mpaka machozi, akampa mtoto noti ya 1,000, akamwita "mwenzangu". Kisha akanigeukia, kicheko bado kiko mdomoni: "Haya, mwenzangu mdogo ameshasema. Ile ya Julai vipi?"

Siwezi kumlaumu mtoto. Mimi nilipokuwa na umri wake nilitaka kuwa konda.

Nacheka mwenyewe ninapoandika, lakini usinicheke wewe. Nilianza darasa la kwanza 1987, na wakati huo konda wa daladala alikuwa mtu mkubwa. Magari ya watu binafsi yalikuwa yameruhusiwa rasmi 1983, na jina lenyewe lilitokana na nauli ya shilingi 5, ambayo watu waliiita dala. Kulikuwa na zile pikapu tulizoziita chai maharage, zenye mabenchi yanayotazamana, abiria wamekaa magoti kwa magoti kama wanaogombea sahani moja. Nyuma kabisa, mguu mmoja ndani na mmoja hewani, ananing'inia konda. Noti amezikunja kwa urefu na kuzipanga katikati ya vidole kama karata. Sarafu anazichezesha kiganjani, chwa chwa chwa, hakuombi nauli kwa mdomo, wewe mwenyewe unasikia aibu na kutoa. Akigonga bodi mara moja gari linasimama. Akigonga mara mbili linaondoka. Hakuna mwalimu wala mjumbe wa nyumba kumi niliyemwona na mamlaka ya namna hiyo.

Nilifanya mazoezi. Nilikuwa naning'inia kwenye mlango wa choo cha uani nikiita "Kariakoo, Kariakoo!" na walio ndani wakinitukana. Siku mzee wangu aliponiuliza nataka kuwa nani, nikamjibu kweli. Kofi nililopata nalisikia mpaka leo hali ya hewa ikiwa ya mawingu. "Nakununulia madaftari ili uning'inie mlangoni?"

Basi nikajifunza kwamba swali lile lina majibu mawili tu, udaktari na urubani. Darasa la nne, mwalimu alipotuzungukia na swali hilo hilo, aliyekuwa mbele yangu alisema daktari, kwa hiyo mimi nikasema rubani. Sikuwahi kuisogelea ndege. Ndege niliyoijua ni ile ya juu, tunayoikimbiza uwanjani tukiipungia mikono. Kwa jinsi tulivyojibu siku ile, nchi hii ingekuwa na marubani wengi kuliko abiria, na asingekuwepo hata mmoja wa kuwauzia karanga.

Urubani wangu ulifia kidato cha pili, kwenye fizikia, nilipopata 11 kwa 100. Mwalimu alisema alama mbili kati ya hizo ni za mwandiko. Nikahamia uanasheria kwa sababu nilikuwa mbishi. Kidato cha nne nikapata divisheni foo ya pointi 28, na kuanzia hapo ndoto ikapata jina lake halisi. Nilikaa barazani na karatasi ya mistari, nikaandika kwa kalamu ya bluu, nikapiga mstari chini kwa rula: YAH: KUOMBA KAZI YOYOTE.

Yoyote! Mtu aliyekatazwa ukonda kwa kofi, akaukosa urubani kwa fizikia, anamwandikia meneja asiyemjua kwamba yuko tayari kwa lolote "katika ofisi yako tukufu". Barua kama hizo nilizunguka nazo nyingi, mpaka soli ya kiatu ikawa inajua geti lenye mbwa.

Kazi niliyoipata ni stoo kipa, kwenye ghala la vigae pembeni ya barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Nyerere. Nahesabu maboksi yakiingia, nahesabu yakitoka, na yakipungua nahesabiwa mimi.

Ndoto hazikuisha, ila zikawa zinapungua kimo. Nilipofika miaka thelathini na tano sikutamani tena kazi, nilitamani semina. Kuna shemeji yangu serikalini, huyo akienda kukaa kwenye kiti Morogoro siku tatu anarudi na posho, begi na kalamu mbili. Kukaa tu! Mimi hukaa bure kila siku.

Sasa nina miaka arobaini na sita. Mgongo ukigoma asubuhi, ninachotamani ni kazi ya yule mlinzi wa benki anayesimama ndani, karibu na kiyoyozi, mlango unajifungua wenyewe. Sitaki hata cheo chake. Nataka pale mahali tu. Na zaidi ya hapo natamani kustaafu, ila kustaafu nako kumegeuka mtihani wa hesabu, na hesabu tumeshaona zilivyonitenda. Vijana wa stoo wanabishana mpira, sisi wazee tunabishana kikokotoo cha pensheni: mkupuo wa kustaafu mwaka 2022 ulikuwa asilimia 33, bajeti ya 2024 ikausogeza juu kidogo, mtu anachukua kalamu na kutulia nyuma ya boksi la vigae kama anayetunga shairi.

Ila kinachoniuma kuliko vyote ni njia. Naishi Gongo la Mboto. Maana yake kila siku ya Mungu, mara mbili, nimebanwa ndani ya daladala nimeshika bomba, napita Airport. Naliona lile jengo la tatu lililofunguliwa 2019, nasikia ndege zinanguruma juu ya kichwa changu, na kwapa la mtu liko puani. Huo ndio urubani wangu.

Sasa juzi jioni, nimesimama mlangoni kabisa, foleni ya barabara inayochimbwa haisogei. Pale Jeti konda akaruka kwenda kutafuta chenji kibandani. Mara foleni ikafunguka, suka naye akakanyaga mafuta. Konda kabaki. Abiria wakapiga kelele, suka haoni pa kusimama, trafiki yuko mbele. Akaniangalia kwenye kioo.

"Mzee, hapo mlangoni. Nisaidie."

Ndugu zangu, sikuuliza nisaidie nini. Mkono wenyewe ulitoka nje ukashika chuma cha juu ya mlango. Noti ya kwanza iliponifikia, vidole viliikunja kwa urefu, vikaibana, bila mimi kuviambia. "Kipawa wapo? Kipawa!" Sauti ilitoka tumboni, ile ile ya mlango wa choo. Sarafu nikazichezesha kiganjani, chwa chwa chwa, na mama mmoja aliyejifanya amelala akafungua macho akatoa nauli. Nikagonga bodi mara moja, gari likasimama. Nikagonga mara mbili, likaondoka. Likaondoka, nakuambia! Gari zima na watu wake!

"Airport! Airport hapo! Shukeni na mabegi, msisahau watoto! Suka, twende!"

Ndege ilikuwa inapita juu. Sikuinua hata kichwa, nilikuwa kazini.

Tulipofika Banana, konda akatokea na bodaboda, anahema. Akapanda, akanipokonya noti, akazihesabu mara mbili, akanitazama kuanzia viatu mpaka shingo.

"Mzee, mia nne imepungua. Halafu bodaboda yangu nani analipa?"

Nikampa mia nne. Ya bodaboda nikabishana naye mpaka kituo cha Mombasa, abiria wote upande wangu.

"Sawa," akasema. "Sasa na nauli yako."